Aya ya Tatu

“Kwenye insha muueni mtu,” mwalimu wa Kiingereza aliwaambia wanafunzi. “Msahihishaji akilia, alama ni zenu. Na hakuna kifo kinacholiza kama cha mama.”

Basi binti wa fundi cherehani akamuua mama yake katika aya ya tatu, kwa homa, akasifiwa mbele ya darasa zima. Mtihani ulikuwa kesho kutwa, naye alikuwa akiikariri insha kwa sauti, kando ya cherehani.

Mguu wa mama ukasimama kwenye pedeli.

“Hapo umenitaja! Kiingereza sijui, lakini neno la mama nalijua. Unasemaje?”

Binti alikitazama kidole gumba cha mama, kilichotobolewa na sindano hadi kikaota sugu.

“Nasema... unanishonea sare.”

Mama alicheka hata pini zikamponyoka midomoni. Jirani yao muuguzi alikuwa ndiyo kwanza anaingia kuchukua gauni lake.

“Dada, wewe msomi, kaa usikie mwanangu alivyoniandika! Soma, mwanangu, usione haya.”

Binti akasoma.

Kwenye aya ya tatu muuguzi akaacha kutabasamu. Mama, aliposikia ametajwa, akapiga makofi.