Ongeza Mvua

Alizima sauti ya mlango unaogongwa, lakini mlango ukaendelea kugongwa.

Katika mchezo wao wa mtandaoni, kazi yake ilikuwa kuwarushia wenzake wanne sauti za hadithi: upepo, mvua, milango ya ngome. Aliitazama skrini. Ilikuwa imebaki mvua peke yake.

"Leo umetuweza," mchezaji mmoja akasema. "Nywele zimenisimama!"

Mara mwanamume akafoka, "Fungua! Unaongea na nani humo?"

"Heh! Hata jitu la ngomeni lina mdomo!"

Wakaangua kicheko. Yeye mwenye kurusha sauti hakucheka. Ile ilikuwa sauti ya shemeji yake, na kipaza sauti kilichokuwa wazi kilikuwa cha mdogo wake, yule wanayemwita Nahodha mchezoni.

"Dada," mdogo wake akanong'ona, "ongeza mvua."

Jumamosi iliyopita aliombwa vivyo hivyo, akaongeza bila kuuliza. Kesho yake mdogo wake alikuja kumtembelea, akashinda na miwani ya jua ndani ya nyumba.

Sasa kidole cha dada kiliacha doa la jasho kwenye skrini. Akaivuta mvua chini mpaka sifuri.

"Mbona imekatika?"

"Nyamazeni," alisema. "Msikie wote."