Ua Lisilotaka Jua

"Mwizi wa ardhi wewe, Mulei! Huna hata haya!"

Mutiso alipiga meza ngumi, mate yakimruka. Asubuhi hiyo alikuwa ameshuka basi kutoka kazini Mombasa, akapitia shambani, na alichokiona kikampandisha mori. Hakupita hata nyumbani kumsalimia mkewe. Alikwenda moja kwa moja kumwita naibu wa chifu, Kisilu, na jirani yake Mulei, akawakalisha sebuleni.

Sebule yenyewe giza tupu. Mutiso aliijenga na vidirisha vidogo kwa kuogopa wezi, na Ndinda, bibi arusi wake kutoka Kitui mjini, alikuwa amelia nayo hadi akachoka. Waridi lilikufa humo. Asumini ikafa. "Umenioa au umenifungia ghalani?" alimfokea mumewe safari iliyopita. Sasa alikuwa jikoni, kule nje, akipuliza kuni awapikie wageni chai.

"Mpaka aliopanda marehemu baba umeng'olewa wote!" Mutiso alinguruma. "Yamebaki mashimo! Na wapimaji wa mashamba wanafika hapa mlimani Kilungu Jumatatu. Nitawaonyesha nini?"

"Sijaugusa," Mulei alisema. "Tumechunga mbuzi pamoja, Mutiso. Leo mimi ni mwizi?"

"Nyamaza! Chifu, nataka neno moja tu. Aliyeng'oa mpaka wangu ahame mlima huu. Hata awe nani!"

Kisilu alikuna kidevu. "Una hakika? Neno kama hilo halirudi."

"Nimesema mbele ya Mungu."

"Hata mimi," Mulei akasema, machozi yakimlenga. "Ahame."

"Haya basi, limepita. Mimi ni shahidi."

Ndinda akaingia na birika. Mutiso na Mulei walikuwa wamepeana mgongo. Kisilu, kwa kutafuta tu la kusema, akaonyesha mkebe uliokuwa kwenye kona, majani marefu yakichungulia gizani.

"Mama, hilo ua limestawi namna gani humu ndani? Kwangu pia ni giza, yote yanakufa."

Ndinda akatabasamu. Hakuna aliyewahi kumsifia kitu katika nyumba ile.

"Hili halitaki jua, chifu. Limezoea kivuli cha miti, kule chini ukienda kwa Mzee Mulei. Yalikuwa mstari mzima hadi mtoni! Nimeyang'oa yote, mengine nikagawia akina mama wa kanisa."