Magoli Saba na Chumba cha Mbele

Dobi alikuwa amefika kwenye kola ya shati la nane wakati shemeji yake, kaka wa mkewe, alipoingia dukani na daftari kwapani, akaketi juu ya mfuko wa shuka za hoteli bila kuuliza kama ni kiti.

"Saba bila," shemeji alisema. "Nimepiga hesabu mara mbili. Mara ya pili yalikuja magoli tisa, nikawaonea huruma."

Mtaa mzima ulimwita Profesa. Cheo hicho alikipata kwa kumiliki daftari na kalamu nyekundu, na hakuna chuo kilichowahi kulalamika. Msimu uliopita alitabiri mechi arobaini, akapatia kumi na moja. Zile ishirini na tisa, alieleza, ziliharibiwa na wachezaji.

Lakini mechi ya kesho hata Profesa asingeweza kuikosea. Vigogo walikuwa hawajafungwa tangu msimu uanze. Vifaranga walikuwa wamepanda daraja juzijuzi tu, na kipa wao alikuwa amekwisha kujifunga mara mbili, ya pili kwa kichwa.

"Ligi imesimama wiki tatu," Profesa alisoma gazetini, "na muda wote huo Vigogo wako kambini. Mazoezi asubuhi, mchana na jioni. Milango imefungwa, hakuna anayeruhusiwa kuchungulia. Unasikia, shemeji? Mara tatu kwa siku! Hao Vifaranga waje na machela zao."

"Nasikia," alisema dobi. Alilikunja shati: mikono ndani, kifua juu, mara tatu. Mkunjo huo hakufundishwa na mtu. Aliubuni mwenyewe miaka ya mwanzo, baada ya kuharibu nguo nyingi za watu, na hapakuwa na mwingine aliyekunja hivyo.

"Tazama, anakunja shati kama barua," Profesa alicheka. "Iko siku utalibandika stempu."

Dobi alisimamisha pasi. "Mimi nasema kesho Vigogo hawashindi."

Fundi viatu wa mlango wa pili, aliyekuja kuchukua suruali yake, aliisahau mkononi. Profesa alimtazama dobi kama mtu anavyomtazama mgonjwa mahututi anayeulizia viatu vya kukimbilia.

"Wewe? Mpira umeujulia wapi? Wewe kazi yako madoa."

"Madoa nayajua kidogo," dobi alikubali.

"Haya, tuwekeane dau. Unataka nini?"

"Chumba cha mbele."

Kicheko kilikatika. Nyumba aliyoiacha baba mkwe ilikuwa na vyumba viwili vya kulala. Profesa, asiye na mke wala mtoto, alishika cha mbele chenye madirisha mawili, moja lake na moja la daftari. Dobi, mkewe na binti yao wa miaka sita walilala cha nyuma, ambacho ukuta wake ulishikana na tangi la maji na kutoka jasho mwaka mzima. Binti alikuwa na pumu. Daktari alikuwa ameandika majina ya dawa, na chini kabisa akaandika: hewa. Ombi la kubadilishana vyumba lilikuwa na miaka miwili sasa. Profesa alikuwa bado analitafakari.

"Nikishinda mimi," alisema, "usinitajie tena chumba hicho mpaka nizikwe. Na nguo zangu unafua bure."

"Nguo zako nafua bure hata sasa."

"Basi uanze kupiga pasi na soksi."

"Na wakitoka sare?"

"Chukua na sare! Chukua na magoli matatu ya bure, nisije nikaambiwa nimemwonea mume wa dada yangu."

"Magoli sihitaji. Andika."

Profesa aliandika, fundi viatu akatia sahihi ya shahidi. Dobi aliusoma ukurasa ule mara mbili, akasahihisha tarehe, akarudi kwenye shati la tisa.

Habari zilimfikia mkewe kabla ya shati la kumi na mbili.

"Mume wangu, ni kweli?" alisema akiwa bado mlangoni. "Umechukua pumzi za mwanangu ukaziweka miguuni mwa Vifaranga? Hawa ambao kipa wao anajifunga kwa kichwa?"

"Ndio hao."

"Kuna kitu unakijua?"

Dobi alilainisha kola kwa kidole. Kwa miaka ishirini yaliyokuwamo kwenye mifuko ya wateja hayakuwahi kuvuka kizingiti cha duka lake. Hakuna aliyepata kujua kola ya nani ilikuja na rangi ya mdomo ambayo mke wa mwenye kola hapaki, na mwenye kola mpaka leo alimwamkia dobi kwa mikono miwili.

"Mwambie mtoto achague," alisema, "kitanda chake kikae dirisha lipi."

Mkewe aliondoka bila kuaga.

Ilibaki kazi moja: mfuko wa bluu, ambao kila wiki dereva mmoja asiyependa maongezi aliuleta, akautua na kwenda zake. Dobi alijaza maji kwenye beseni, akapima sabuni, akafungua kamba. Zilikuwa fulana za mazoezi za Vigogo, zimeletwa kufuliwa. Alitoa ya kwanza, akatoa ya pili, akatoa mpaka namba tisa yenyewe, akazipanga mezani. Kisha akairudisha sabuni kwenye kopo lake. Hizi zingeweza kungoja kesho.

Kwa wiki ya tatu mfululizo, kila fulana ilikuwa imekunjwa mikono ndani, kifua juu, mara tatu, kama barua ambayo hakuna aliyeifungua.