Kahawa Juu ya Diski

Wallahi haya ni kweli tupu, sikuongeza hata chembe ya chumvi.

Mwaka ule kisiwa cha Ndzuani kilipojitenga na serikali ya Komoro kule Moroni na meli zikakoma kuja, Mzee Idarousse wa Mutsamudu aliwaapia majirani kuwa amepata diski nne za kisasa za kompyuta, zinazofanya kazi kama moja, na ndani yake hakizunguki kitu. Aliweka dau kofia yake ya Ijumaa, iliyodariziwa na mkewe: atakayeona kitu kikizunguka aichukue.

Oumaya, binti wa kaka yake, alileta filamu ya harusi yake. Nakala ilikuwa hiyo moja tu, kwenye kompyuta inayozimika ovyo.

Idarousse akabonyeza. Filamu ikamiminika, namba zikapanda mbio, majirani wakanyanyuka vitini.

“Mnaona? Kimya kama jiwe,” akasema, mkono juu ya kisanduku cha diski.

Oumaya akatua kikombe chake cha kahawa juu ya kisanduku hicho, kando ya mkono wake. Katikati ya kahawa kikachipuka kiduara, kikafuatwa na kingine, vikakimbilia ukingoni.

“Baba mdogo, nini hicho kinachozunguka?”

“Moyo wangu huo, mwanangu. Unadunda kwa furaha.”

“Basi ondoa mkono.”

Akauondoa. Kahawa ikazidi kutetemeka.

Filamu ilipoingia yote, salama, Oumaya alinyoosha kiganja.

Idarousse akavua kofia. “Mpelekee mumeo. Lakini kwa kichwa kile, itambana.”