Kando ya Chaki

Mayai yalikuwa yamefungwa kwenye blanketi, na yalikuwa yanapoa. Mashine ya kutotolea vifaranga ilikuwa imeungua saketi, na Shamte alikuwa akichora nyingine kwenye kibao kilichopakwa shaba, kwa sindano ya cherehani aliyoiunga na waya wa betri. Kila sindano ilipogusa, cheche iliruka na kula chembe ya shaba. Lakini sindano ilikuwa ikiuvuka mstari wa chaki aliouchora kuonyesha njia ya umeme.

"Lete hapa, Baba Rukia," mkewe Sauda, fundi wa nguo, alisema. "Mkono wako leo una homa."

"Shaba inayobaki ndiyo njia ya umeme. Ukiikata, mayai basi tena. Pita kando ya chaki, si juu yake."

"Leo unanifundisha kushona?"

Shamte alimwachia sindano, akazunguka chumba, akakaa, akainuka, akapenyeza mkono chini ya blanketi.

"Fanya haraka, Mama Rukia."

"Cha haraka hufumuka."

Shamte alichukua yai moja, akaliweka sikioni, akasikia kitu kikidonoa ganda kwa ndani. Miguu yake ikatulia.

"Hebu acha kidogo," alinong'ona.

Sauda aliinua sindano. Wakasogeza vichwa pamoja, yai likiwa katikati ya masikio yao.