Kigingi cha Jumamosi

Stamena alikuwa amelala kifudifudi juu ya kaburi la mumewe, na wanaume wenye majembe hawakujua waanzie wapi.

"Mama, toka hapo," alisema Vukosav, mkuu wa kijiji, kigingi cha mti wa miiba mkononi. "Leo Jumamosi, siku pekee ambayo mnyonya damu hatoki kaburini. Tukichelewa, tutazika wengine."

"Radoje wangu hanyonyi damu ya mtu! Aling'atwa na mbwa mwitu mwenye kichaa. Vujica mchunga kondoo, mnayesema Radoje alimuua, naye aling'atwa na huyohuyo, ndiyo maana alikufa akitoa povu na kuogopa maji. Ugonjwa huo, jamani. Ugonjwa tu!"

Nani amsikilize? Tangu azikwe, Radoje alikuwa ameonekana bondeni, akizungukazunguka kwenye kinu cha maji, na hapa Serbia hata mtoto anajua kwamba wafu wabaya hupenda vinu. Hakuna aliyethubutu tena kupeleka nafaka huko. Alibaki Krunija peke yake, mjane wa msaga unga.

"Maskini Krunija," alisema mmoja. "Ananyonywa kila usiku."

"Ananyonywa na ananenepa!" mwingine akadakia. Wakacheka kwa woga.

Stamena hakucheka. Hicho ndicho kilichomuuma: kama kweli Radoje anatembea, mbona hajapita hata mlangoni kwake? Nguo nyeusi hajaivua. Hata kumbusu wakati wa kumuaga hakupata, kwa kuwa shemeji yake Obrad alimuuguza peke yake ghalani, kisha akalipigilia jeneza misumari akisema ndugu yake anang'ata, na uso wake hautazamiki.

"Shemeji, waambie!" alimlilia. "Wewe ndiye uliyemfumba macho."

"Mwacheni," alisema Obrad, jasho likimtiririka. "Nawaombeni. Mfu ni mfu, alale."

Stamena akamshukuru Mungu kwamba alikuwa na ndugu angalau mmoja wa kumtetea.

Lakini wengi wape. Wakamwinua kwa nguvu, wakachimba, naye akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

"Msimtoboe moyo! Moyo huo ni wangu!"

Kifuniko kiling'oka. Ndani mlikuwa na vipande vya jiwe la kusagia, vimeviringishwa kwenye shuka ya harusi ambayo Stamena aliifuma kwa mikono yake.

"Ametoka!" Vukosav akapiga ishara ya msalaba. Wanaume wakarudi nyuma wakikanyagana.

Stamena alimtazama Obrad. Obrad akatazama chini.

"Leo Jumamosi," alisema Stamena polepole. "Mfu hatoki."

Akamnyang'anya Vukosav kigingi, akashika njia ya bondeni, kuelekea kinuni.