Kovu la Mama

Siku Tunu alipohitimu, chuo cha sanaa kilimvua zile lenzi za kompyuta ambazo kila mwanafunzi huvishwa machoni, zimfutie kasoro kwenye kila anachokiona. Miaka minne macho yake yalizoea hivyo! Alirudi nyumbani mbio, akaokota kipande cha mkaa, akamketisha mama yake kwenye kigoda.

"Nichore nilivyo, mwanangu. Usinipambe."

Akachora. Alipokosea, aligonga karatasi mara mbili kwa vidole viwili, kama walivyozoea chuoni kufuta kosa. Mstari ukabaki palepale, wakacheka mpaka machozi.

Mama alipopewa picha, aliitazama weee, tabasamu likamkauka.

"Huyu mrembo ni nani? Kovu langu liko wapi?"

"Kovu gani, mama?"

Mama alikuwa ameungua shavu siku alipomkinga Tunu, mtoto wa kutambaa, na sufuria ya uji iliyopinduka. Sasa alimshika Tunu mkono, akamwekea vidole palepale. Tunu akapapasa ile ngozi ya mikunjo, na ndipo akaliona.

Vidole vyake viwili vikaligonga, mara mbili.

Akangoja lifutike. Safari hii hakuna aliyecheka.